Mwalimu na Mafuta Yake ya Alizeti

Nimemchukia Mwalimu kwa miaka minne, na kwa muda wote huo sijawahi kumnyima shikamoo. Asubuhi nikitoka kumwaga majivu namkuta kibarazani kwake, ng'ambo ya ua wa minyaa unaotutenganisha, nami nakunja goti kidogo kama nilivyolelewa. Anajibu marahaba. Ananiuliza nimeamkaje, namwambia salama, kisha kila mtu anaendelea na siku yake. Hapa Kinampanda hakuna namna nyingine ya kuishi na mzee aliyekufundisha darasa la nne, hata kama unaamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba yeye na kichupa chake cha mafuta ya alizeti ndio waliomzuia mama yangu asifike hospitali kwa wakati.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo yatasomwa siku yake ikifika, na najua yatasomwa vizuri mno. Walimu tunao wengi huku, wastaafu na walio kazini, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, kila mtu anajua unamsema nani: yule mrefu mwenye kaptula ya khaki na soksi zilizovutwa hadi magotini, anayetengeneza gari lake mwenyewe uani kwake.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, alilonunua alipostaafu, na halijawahi kuona gereji. Mafundi hakuwaamini. Alisema fundi anafungua leo ili apate sababu ya kufungua tena kesho. Kila Jumamosi alilipiga jeki chini ya kivuli cha nyumba, akatandika gunia, akapanga spana zake kwa ukubwa kama tulivyopangwa sisi mstarini, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka aseme yeye.

Kwenye breki alikuwa bingwa, hilo silikatai. Breki zinazong'ang'ania, zile ambazo ukiondoa mguu zenyewe haziachii, alizitambua hata kwa gari la mgeni linalopita. Kuna mwaka lilisimama gari la serikali pale dukani, dereva ameshuka kununua maji, na Mwalimu akamfuata akamwambia gurudumu lake la nyuma kulia linaungua. Dereva akacheka. Mwalimu akamshika mkono, mtu mzima na sare zake, akampeleka mpaka kwenye gurudumu na kumwambia apeleke mgongo wa kiganja karibu na ringi. Dereva hakucheka tena.

Mimi nilijifunza kwake baada ya kununua gari langu la kubebea vitunguu, pikapu ya milango minne. Nilikuwa nanunua kwa wakulima huku juu na kuteremsha hadi Shelui, kwenye malori ya barabara kuu, na mtu anayeshuka mlima wa Sekenke na magunia ya vitunguu mgongoni hana budi kuzijua breki zake. Mwalimu alinifundisha kama alivyotufundisha hesabu, kwa maswali. Kwanza endesha kwenye tambarare, kisha liache gari lisimame lenyewe bila breki. Likisimama mapema kama lililoshikwa shati, kuna gurudumu linabana. Lipi? Shuka, zungusha kiganja kwenye magurudumu manne bila kugusa. Matatu yatakuwa na joto la kawaida, moja litakufukuza. Weka mawe kwenye mengine, piga jeki, lizungushe kwa mkono. Halizunguki? Legeza ile nati ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, ugonjwa uko kwenye mpira wa breki au huko juu kwenye silinda kuu. Mafuta yakitoka na gurudumu bado limebana, ugonjwa uko hapo hapo ulipo: pistoni imeshika kutu, au pini zimekauka.

Na kwa kila jibu nililotoa aliuliza, "Umejuaje?" Hata jibu likiwa sahihi. Usipoeleza ulivyojua, kwake hukujua. Nilimpenda kwa hilo. Wanaume wa sokoni walikuwa wakiniambia mwanamke na spana ni wapi na wapi, yeye hakuliona hilo kabisa. Alichotaka ni jibu na sababu yake.

Sasa hizo pini. Breki ya mbele ina chuma kinachokumbatia diski, kalipa, nacho huteleza juu ya pini mbili kila unapokanyaga na kuachia. Pini zikiwa safi na zimepakwa grisi inayostahili, kalipa huenda na kurudi. Zikishika, hairudi. Mwalimu alizisugua pini kwa msasa hadi zikang'aa, akazifuta kwa kitambaa cheupe, kisha akachukua kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi, akachovya unyoya wa kuku, akazipaka mafuta ya alizeti.

Alizeti ya shamba lake, aliyoikamua mwenyewe kwenye mashine ya kijiji. Aliipaka kila mahali: bawaba za milango, kufuli, mnyororo wa baiskeli, visigino vyake. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa ya kijinga. Miaka ile ya shida, madukani hamna kitu, aliendesha baiskeli kwenda shule nne kusahihisha mitihani, na kilichoiweka baiskeli ile barabarani ni mafuta ya alizeti. Kwa hiyo yalimpa ushahidi. Lakini ekseli ya baiskeli haiungui. Breki ya gari huungua, na kila mwanamke wa Singida anajua alizeti hufanya nini ikirudiwa rudiwa na moto: tazama pembeni mwa kikaango cha chapati, ule utando wa kahawia usiotoka mpaka ukwanguliwe kwa mchanga na jiwe. Mwalimu hakuwahi kuosha kikaango.

Ndiyo maana gari lake lilirudi kwenye jeki kila baada ya wiki chache. Breki zinang'ang'ania, anafungua, anakuta pini zimekwama, anasugua, anapaka alizeti, anaridhika. Alidhani anapambana na vumbi la Iramba. Angekuwa mwanafunzi wake ndiye anayerudia kosa lile, angemsimamisha mbele ya darasa.

Lakini nani amwambie? Mwalimu hakosolewi. Yeye ndiye mkosoaji. Kwenye misiba, msomaji akimaliza kusoma historia ya marehemu, watu waligeuza shingo kumtazama, maana kama mwaka wa kuzaliwa na umri haviafikiani, Mwalimu husimama pale pale, jeneza likiwa mbele, akatoa hesabu kwa sauti. "Sabini na tatu, si sabini na tano. Endelea." Wafiwa waliudhika. Wengine tulibana vicheko kwenye khanga. Mchungaji alijifunza kumpelekea karatasi mapema.

Na bado ni mtu huyu huyu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kumpeleka mjamzito wa watu kituo cha afya, asitake hata shukrani. Ukimshukuru anakukatisha: "Haya, nenda." Mama yangu alimheshimu kupita kiasi. Alisema mtu asiyetaka kushukuriwa ni mtu wa Mungu. Mimi siku hizi naona kwamba mtu asiyeshukurika ni yule yule asiyeambilika, mlango ni mmoja, ameufunga kwa ndani.

Ukweli wa mafuta niliujua Shelui. Breki yangu ya mbele kushoto ilishika, nikampelekea fundi mmoja karibu na maegesho ya malori. Aliitoa pini kwa nyundo, akaipitisha kidole, akainusa.

"Dada, nani kakupakia mafuta ya kupikia huku?"

Nikamwambia sijui, gari nililinunua hivyo. Nilimkana mtu mbele ya fundi ili kumtunzia heshima mtu ambaye hata hakuwepo. Fundi akanionyesha ule utando, akanieleza kwamba mafuta yale yakichemka yanakuwa ulimbo, akazisafisha pini zote na kuzipaka grisi ya breki. Nikanunua kopo dogo, nikalificha chini ya kiti.

Nilijaribu kumwambia Mwalimu, mara moja. Nilianza mbali, kama inavyotakiwa kwa mzee: kuna fundi huko Shelui anasema alizeti na joto haviendi pamoja. Hakuinua macho. Akaniuliza huyo fundi aliishia darasa la ngapi. Kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha hesabu za kutoa na kukopa. Nikasema ni wewe, Mwalimu. Akasema basi. Nikaondoka.

Halafu siku moja nilikwenda mnadani kwa lori la watu, gari langu nikaliacha nyumbani. Niliporudi mchana nilimkuta Mwalimu uani kwangu ananawa mikono, mama anammiminia maji. Nilikuwa nimelalamika juzi yake kwamba mbele kuna kelele, naye aliona anifanyie hisani. Amefungua magurudumu yote mawili ya mbele, amesafisha. "Kulikuwa na grisi chafu nyeusi huko," akaniambia, "nimeifuta yote. Nimekupaka safi." Unyoya ulikuwa bado umechomekwa kwenye mfuko wa shati.

Nikasema, "Asante, Mwalimu."

Ningeweza kufungua kesho yake. Nilijua kila hatua, yeye mwenyewe alinifundisha. Lakini jeki ikigusa gari uani kwangu, kibarazani kwake anaona, na akiona anakuja, na akija atauliza kwa nini nafungua alichofunga yeye. Nikasema pini nitazisafishia Shelui. Zikaja mvua, vitunguu vikakosekana, safari ya Shelui ikasogezwa, ikasogezwa tena. Wiki sita nililiendesha gari lile kidogo kidogo, kanisani na sokoni, nikisikia linavyozidi kuwa zito, na nikiendelea kutunza adabu.

Mama alianguka asubuhi, jikoni, kijiko cha uji mkononi. Mdomo ulipinda upande mmoja na mkono wa kulia ukawa si wake. Kituo cha afya walimpima presha wakasema apelekwe hospitali ya Singida mara moja. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine. Tukamlaza kiti cha nyuma cha gari langu, mke wa Mwalimu akakishika kichwa chake mapajani. Mwalimu akakaa mbele pembeni yangu, kwa sababu msafara wa mgonjwa unataka mtu mzima. Gari lake mwenyewe siku hiyo lilikuwa juu ya mawe.

Tulifika barabara ya lami, tukaanza kuelekea Singida, na nilipoongeza mwendo nikaanza kusikia harufu. Gari likavutia kushoto. Nilikaza usukani, nikakaza na roho. Kwenye kamwinuko fulani moshi ukatoka mbele kushoto, na gari likakataa.

Mwalimu akashuka kabla sijazima injini. Hakuwa na haraka, na hakuwahi kuwa nayo. Akapeleka mgongo wa kiganja kwenye ringi, akaniuliza, "Lipi?" Mama yangu yuko nyuma, ananiuliza lipi. Nikajibu mbele kushoto. "Umejuaje?" Nikamwambia naliona linafuka moshi, Mwalimu.

Lori moja likasimama. Dereva akashusha kioo, akatuuliza kuna nini, akasema anakwenda Singida, ana nafasi mbele na kile kitanda cha nyuma ya kiti, tumpandishe mgonjwa. Mimi tayari nilikuwa nimeushika mlango wa nyuma. Mwalimu akamwinulia mkono.

"Nenda tu, kijana. Hii ni robo saa."

Dereva akanitazama mimi. Nami nikamtazama Mwalimu, kama nilivyokuwa nikimtazama tangu nina miaka kumi kujua kama jibu ni sahihi. Sikusema kitu. Lori likaondoka.

Pini ya kwanza ilitoka. Ya pili haikutoka. Aliipiga, akaizungusha, akasubiri ipoe, akaimwagia maji ya kunywa ya mama, akaipiga tena. Magari mawili mengine yalipita, nikayapungia, hayakusimama. Jua lilifika utosini. Mke wake alimpepea mama kwa khanga na kumsemesha kwa Kinyiramba, polepole, mama anajibu kwa ule mdomo uliopinda. Robo saa ile ikawa karibu saa mbili nzima. Pini ilipotoka mwisho, Mwalimu aliishika mbele ya uso wake. Ilikuwa ya kahawia kutoka ncha hadi ncha, inanata, inang'aa. Nilikuwa nimesimama karibu yake kiasi cha kusikia pumzi zake. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama pini yoyote. Kisha akaifuta kwenye kaptula yake.

"Vumbi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema.

Hospitali walituuliza yalianza saa ngapi. Tukawaambia. Daktari akaandika, hakutoa maoni, nami sikuuliza kama saa mbili zingebadilisha kitu, kwa sababu jibu lolote kati ya mawili lingeniua. Mama aliishi siku mbili zaidi, bila neno.

Kwenye mazishi, msomaji wa historia alikosea. Alitaja mwaka wa kuzaliwa wa mama, kisha umri uliozidi kwa miaka mitatu. Kosa la wazi kabisa. Shingo zote zikageuka kumtazama Mwalimu. Alikuwa ameinamia viatu vyake, na hakusimama. Watu walidhani ni majonzi ya jirani mwema. Mimi ndipo nilipojua kwamba anajua.

Nikasubiri aniambie. Matanga yakapita, wiki, mwezi, mwaka ukaisha. Niliacha biashara ya vitunguu, nikauza gari. Kila asubuhi shikamoo, marahaba, umeamkaje, salama. Nilitaka neno moja tu kutoka kwa mtu aliyeishi kwa kusahihisha makosa ya wengine, na hakulitoa. Na mimi, niseme ukweli wote, nilikuwa na langu la kusema na sikulisema.

Mwezi uliopita mke wake alikuja uani. Akaniambia Mwalimu ananiita, macho yamemzidi. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na amekataa kupasuliwa kwa sababu daktari alishindwa kumjibu swali fulani. Nilikwenda. Gari jeupe lilikuwa juu ya jeki, gurudumu la mbele limeshatolewa, naye amekaa kwenye gunia akipapasa kalipa. Nikamwamkia. Akaniomba nitoe pini ya juu nimwambie ina nini.

Ilitoka kwa vidole viwili, laini, imefunikwa grisi safi.

"Ina nini?"

"Grisi, Mwalimu. Ya breki."

"Basi iko sawa."

Nikaketi kwenye tofali. Nikamuuliza ameanza lini kupaka grisi.

"Wiki ile ya msiba," akasema. "Nilikwenda Kiomboi, nikanunua."

"Na uliniambia vumbi."

"Nilikuambia vumbi." Aligeuza uso upande nilipo, si sawasawa, alinikosa kidogo. "Lile kopo chini ya kiti chako nililiona, binti yangu. Siku ile ile ya barabarani, nikitafuta spana. Nikajua ulijua. Mbona hukusema? Lori limesimama, mama yako yuko pale, na wewe unajua. Mbona hukusema?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba nilijaribu. Kwamba aliniuliza fundi aliishia darasa la ngapi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonitoka. Nikamwambia, "Ulikuwa mwalimu wangu."

Mke wake, aliyekuwa anapepeta mtama mlangoni, aliinuka akaingia ndani. Mwalimu akasikiliza mpaka hatua zake zilipoisha.

"Kuna kitu naomba uniambie," akasema. "Nikiwa napiga ile pini nilimsikia mama yako anasema neno. Analirudia. Nyundo haikuniacha nisikie. Huyu humu ndani alisikia vizuri, na miaka minne amekataa kuniambia. Alikuwa anasema nini?"

Neno hilo nililitunza kama mtu anavyotunza jiwe la kumrushia adui. Nilidhani siku nitakayolirusha nitapumua. Sasa yuko mbele yangu, macho meupe, anasubiri jibu kama mwanafunzi, na sikuona raha yoyote. Nikamwambia tu.

"Alikuwa anauliza, 'Mwalimu amemaliza?' Hilo tu. Nami kila mara nilimjibu, 'Bado kidogo, mama.'"

Hakusema haya, nenda. Alinyoosha kiganja, nikaiweka pini juu yake. Akaipeleka kwenye kalipa, akalikosa tundu, akapapasa, akalikosa tena. Nilisimama pale nikamtazama mpaka mwisho, na sikumsaidia.